Ndoo Moja kwa Nyumba Nzima

Wanangu, mwalimu wenu alikuja kwangu juzi na swali lenu mkononi, limeandikwa kwenye karatasi ya daftari. Mnataka kujua kama hizi dawa za kusafishia zinazouzwa dukani kwa chupa zinayashinda maji matupu, au ni kunukia tu. Mwalimu alitaka jibu la mistari miwili akaliandike ubaoni. Nikamwambia mistari miwili haitoshi, aniachie kalamu na karatasi. Nimefua, nimepiga deki na kuosha vyombo vya watu tangu Mjerumani yuko hapa Dodoma mpaka magoti yaliponikatalia, na swali lenu hilo hilo ndilo lililoniharibia mambo mapema kabisa. Kwa hiyo mnivumilie nikizunguka kidogo. Mikono yangu haijazoea kalamu, imezoea tambara.

Nilianza kazi nikiwa mwanamke mzima, nimeshaolewa na kuachika, nimerudi kwa baba yangu. Reli ilikuwa haijakaa sana tangu ifike. Nyumba za mawe uliweza kuzihesabu kwa vidole, na moja ilikuwa ya bwana wa Kijerumani, mpimaji wa reli. Mkewe tulimwita Bibi Mkubwa, kwa heshima na kwa umbo pia. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike wa miaka minne hivi, Lota, aliyejua Kiswahili kuliko wazazi wake, na Kigogo cha matusi ambacho kila mtumishi alikana kumfundisha.

Mwenye kazi hasa pale alikuwa Bi Tatu. Alikuwa mtu wa Mpwapwa, Mwislamu, babu yake alikuja na misafara ya pwani, akaoa huko huko na hakurudi tena. Alikuwa mwembamba, havui ushungi hata akiwa amepiga magoti sakafuni, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana kwa maji ya miaka mingi. Tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu, nami nikamwita mama, ingawa mama yangu mzazi alikuwa hai na jambo hilo halikumfurahisha.

Siku hiyo ya kwanza alinipa tambara na beseni, akaniambia nisafishe meza ya kulia. Nikapangusa kwa nguvu zangu zote.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Kwa maji mangapi?"

"Haya haya."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Hujasafisha, mwanangu. Umeupaka uchafu vizuri."

Kwake yeye kila kitu kilitaka maji matatu. Maji ya kwanza ni ya kutoa. Ya pili ni ya kufuata yaliyobaki. Ya tatu aliyaita ya ushahidi: unasuuza tambara kwenye beseni jeupe, kisha unatazama. Ukiona chini ya beseni vizuri, umesafisha. Maji yakifanya ukungu, unarudia, na hapakuwa na mjadala. Sabuni alikuwa nayo, lakini aliitoa kwa mafuta na masizi tu, tena kwa uchoyo. Sufuria alisugua kwa majivu. Damu kwenye shuka aliiwahi kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanaipika ikang'ang'ania humo. Na alikuwa na sheria moja ambayo nawaomba muishike hata mkisahau nyingine zote: anza palipo safi, malizia palipo pachafu, na tambara lililogusa sakafu lisipande mezani tena.

Sasa, ninyi wa mabomba hamwezi kujua maji matatu yalikuwa na maana gani kwangu. Maji ya nyumba ile tulichota sisi wenyewe, kwa debe kichwani, kwenye visima vya mchangani huko korongoni. Kiangazi kikikaza unachimba mchanga mpaka shimo linakumeza kiunoni, unakaa na kata yako unangoja maji yajikusanye, na nyuma yako ng'ombe za watu wanangoja pia, wanakupumulia mgongoni. Kwetu nyumbani maji ya kunawa uso yalinawisha watu wawili, halafu yakaenda kwa kuku. Kwa hiyo kila Bi Tatu alipomwaga beseni nje niliumia kama anamwaga maziwa. Nilikuwa nasema moyoni, mwanamke huyu hajui Ugogo. Amekaa na sisi, lakini hajui.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Bwana alikuwa na chombo cha shaba cha kupimia njia, kimewekwa kwenye sanduku la mbao, na Bi Tatu alikuwa ameniambia shaba husafishwa kwa ukwaju na maji, taratibu. Mimi nikaona ukwaju ni wa kuchezea. Nikachukua mchanga laini wa korongoni nikakisugua kile chombo mpaka kikawaka kama jua. Bwana alipokifungua, namba zote ndogo ndogo zilizochorwa pembeni zilikuwa zimekwenda. Kisha akamwita Bi Tatu, akamwomba kwa adabu kabisa anieleze kwamba reli ikipinda njiani, mimi ndiye niliyeipinda. Bi Tatu akanitetea. Akasema ni yeye aliyenituma bila kunifundisha vizuri. Haikuwa kweli, alikuwa amenifundisha vizuri sana. Kumbukeni hilo.

Kisha zikaja chupa.

Zilikuja kwa gari moshi katika sanduku lenye majani makavu, chupa nene za rangi ya kahawia. Ndani mlikuwa na kitu cheusi kizito, harufu yake kama lami imechanganywa na moshi. Harufu ile ilikuwa na nguvu hivi kwamba mbuzi wa jirani waliokuwa na desturi ya kupanda barazani kwetu waliacha. Lakini ajabu yake ilikuwa kwenye maji. Ukidondosha kidogo tu, maji yote ya ndoo yanageuka meupe pe.

Bibi Mkubwa akatukusanya jikoni kutueleza. Kiswahili chake kilikuwa cha amri, cha lete na ondoa. "Hii dawa," alisema. "Inaua wadudu wote."

"Wadudu gani, Bibi?" Bi Tatu akauliza.

"Wadogo. Huwezi kuwaona."

Bi Tatu akafikiri. "Kama hatuwaoni, tutajuaje kwamba wamekufa?"

Mpishi akageukia ukuta asionekane anacheka. Bi Tatu hakuwa akifanya utani, aliuliza kwa kutaka kujua, maana ushahidi wake siku zote ulikuwa wa macho. Bibi Mkubwa akaona amedharauliwa. Nadhani mambo yote yaliyofuata yalianzia hapo, yakasaidiwa na mimi.

Mimi niliipenda ile dawa siku ile ile. Niliona kitu ambacho nilidhani Bi Tatu kwa uzee wake hakukiona: maji yale hayachafuki. Unachovya tambara, unakamua, unachovya tena, na ndoo imebaki nyeupe vile vile kama ulivyoianza. Asubuhi nzima nyeupe. Kwa nini basi niyamwage? Nikapiga hesabu za safari za korongoni kichwani mwangu nikafurahi peke yangu. Wajerumani, nilisema, wamewaonea huruma watu wa nchi kavu.

Bi Tatu alinionya. "Mwanangu, maji hayo hayasemi kitu. Yamefunikwa uso."

"Yana dawa, mama."

"Dawa iwemo. Yamwage ukimaliza chumba, uchukue mengine, utie dawa nyingine."

"Nani atachota?"

"Mimi nitachota," akasema. Mwanamke wa umri ule. Hata hivyo sikuyamwaga.

Tukabishana hivyo siku kadhaa mpaka Bibi Mkubwa akasikia, akaamua kutushindanisha. Akagawa sakafu ya sebule kwa mstari wa chaki. Bi Tatu upande wa dirishani kwa maji yake, mimi upande wa mlangoni kwa dawa. Lota akakaa juu ya kiti, miguu imekunjwa, akitushangilia wote wawili. Bi Tatu alitumia madebe matatu. Mimi nilitumia ndoo moja nikamaliza mapema, nikasimama mikono kiunoni kumtazama mwenzangu anavyohangaika.

Bibi Mkubwa akaleta vitambaa viwili vyeupe vya mfukoni. Akapangusa upande wa Bi Tatu, kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Akapangusa upande wangu. Nilikiona kile kitambaa, wanangu. Nilikuwa nimesimama karibu yake. Kilikuwa na rangi ya kijivu, si nyingi, lakini ilikuwepo. Yeye alikuwa tayari amevipeleka puani. Cha Bi Tatu hakikunuka kitu. Changu kilinuka dawa. Akatabasamu akasema, "Huu ndio usafi."

Hivyo ndivyo nilivyoshinda. Nilipewa ufunguo wa kabati la dawa nikauvaa shingoni kwa uzi, nikapewa vyumba vyote, na Bi Tatu akarudishwa jikoni kuosha vyombo na kufua. Amri ikatoka kwamba maji ya kusafishia nyumba ni madebe mawili kwa siku, basi. Bi Tatu hakuninunia. Alikuwa akiniwekea chai. Mimi ndiye niliyeanza kumwita Bi Tatu badala ya mama, na sikumbuki ni siku gani hasa nilianza.

Niwaambie kitu kuhusu ufunguo. Hakuna aliyenipiga wala kunitisha niwe hivyo. Nilikuwa mwanamke aliyeachwa, nimerudi nyumbani ambako hata watoto wa kaka zangu walinituma, na sasa nilikuwa na kitu shingoni kinachogongana na shanga zangu nikitembea. Nilipokwenda kisimani niliuvaa juu ya nguo ili wauone.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Bwana alirudi kutoka safari ya kupima njia akiwa amelala kwenye machela, anaharisha damu. Daktari wa boma akaja, akaagiza chumba chake kisafishwe kwa dawa kila siku. Bibi Mkubwa akaniangalia mimi, nami nikaitikia kwa kichwa kama askari. Na kwa kweli nilikisafisha. Nilipiga deki pale chini ya kitanda ambapo mwingine angekataa, na nilifanya kwa moyo.

Halafu nikatoka na ndoo ile ile.

Nikasafisha ukumbi. Nikasafisha baraza. Nikafika kwenye kimeza kidogo cha Lota, alipokuwa akinywa maziwa yake asubuhi, nikakipangusa kwa tambara lile lile, nikianzia pachafu nikimalizia palipo safi, kinyume cha kila neno nililofundishwa. Siku moja kikombe chake cha bati kikamponyoka kikaviringika sakafuni. Nikakiokota, nikakichovya ndooni, nikakikung'uta mara mbili, nikampa.

Bi Tatu alikuwa mlangoni mwa jiko. "Nyemo! Hicho kikombe!"

"Kina dawa," nikamjibu bila kugeuka.

Alikuja mbio, lakini mtoto alikuwa ameshakijaza kwenye jagi na amekunywa.

Haikupita wiki Lota akaanza kuharisha. Siku ya tatu ikaonekana damu. Sitawaeleza alivyokuwa, maana mna wadogo zenu majumbani. Sauti yake ya kutukana kwa Kigogo ilikwisha, akawa anatazama tu. Bi Tatu alikaa naye mchana kutwa akimnywesha maji ya moto yaliyopozwa, yenye chumvi kidogo, kijiko baada ya kijiko, na kila alichokigusa mtoto alikichemsha. Mimi nilizidisha dawa kwenye ndoo.

Daktari akamwambia Bibi Mkubwa kwamba ugonjwa huu unaingia kwa mdomo, aangalie anayeosha vyombo vya mtoto. Alipoondoka tu, tukaitwa barazani, mimi, Bi Tatu na mpishi.

"Nani anaosha kikombe cha Lota?"

"Mimi, Bibi," Bi Tatu akasema.

"Kwa dawa?"

"Kwa maji ya moto."

"Nauliza kwa dawa!"

"Hapana, Bibi. Mtoto hawezi kunywa lami."

Bibi Mkubwa akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa hajalala. "Na wewe Nyemo, unatumia dawa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kila siku?"

"Kila siku, Bibi."

Sikusema neno hata moja la uongo. Nimelifikiria hilo mara nyingi, namna mtu anavyoweza kujibu kweli tupu na bado akamzika mwenzake. Bi Tatu alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingoja. Alinipa nafasi ndefu kabisa ya kusema maneno mawili tu, si yeye, na mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. Nilikuwa nafikiria ufunguo, nafikiria kiboko cha boma, nafikiria watoto wa kaka zangu. Mpishi naye hakujua lolote, alikuwa sokoni siku ya kikombe.

Bi Tatu akafukuzwa pale pale, bila barua. Siku hizo mtumishi aliyetoka bila barua hakuchukuliwa tena na nyumba yoyote ya Mzungu, na habari ilimtangulia: yule mama mchafu aliyetaka kumuua mtoto kwa ukaidi. Mchafu! Sijapata kuona mtu msafi kuliko yeye, mpaka leo, na nimefanya kazi hospitali na kwa masista. Waliokuwa wakimpa nguo zao kufua mjini nao wakaacha. Mtu akifika kisimani alipo yeye, anavuta debe lake kando. Alikaa hivyo siku chache, akafunga mzigo wake akarudi kwao Mpwapwa.

Siku aliyotoka barazani alipita karibu yangu akasema jambo moja tu. "Mwaga hiyo ndoo, mwanangu."

Nikaenda nyuma ya nyumba nikaimwaga. Maji meupe yakatoka, yakaingia ardhini, na chini ya ndoo mkabaki tope, zito, kina chake kama vidole viwili. Nililitazama lile tope. Ningeweza kulibeba na ndoo yake mpaka barazani nikamwonyesha Bibi Mkubwa, na Bi Tatu alikuwa bado uani anakunja kanga zake. Nilichota mchanga nikaisugua ndoo mpaka ikang'aa.

Bwana alipona, kisha Lota naye akapona. Nadhani vijiko vya Bi Tatu ndivyo vilivyomponya, ingawa shukrani ilikwenda kwa dawa. Alipopata nguvu aliuliza, "Tatu yuko wapi?" Nikamwambia amekwenda kwao. Akauliza atarudi lini. Nikamwambia kesho. Kabla ya vita alipelekwa kwao Ulaya na mama yake, na siku ya kuondoka alinikumbatia miguu.

Vita vilipoanza, masanduku hayakuja tena. Nyumba ile ikafanywa mahali pa kulaza wagonjwa, wapagazi na askari, wengi wao wakiwa na ugonjwa ule ule wa Bwana. Chupa ya mwisho ikaisha. Nilibaki na maji, kuni, majivu na mikono. Nikarudi kwenye maji matatu kwa sababu sikuwa na kingine, na nikachota, wanangu, nilichota mpaka utosi ukaota sugu. Kila chumba maji yake. Kila tambara mahali pake, kisha kwenye chungu cha maji yanayochemka. Ile harufu ya dawa iliondoka, nikawa nasikia harufu za kweli, ambazo zinakwambia ni wapi hujasafisha. Na nyumba ikawa safi. Watumishi tuliokuwa tukila humo humo hatukuugua hata mmoja.

Palikuwa na mganga msaidizi, mtu wa Tabora, anayefunga vidonda. Nikamuuliza lile swali lenu. Akanieleza kwamba dawa si uongo. Inaua kweli. Lakini dawa inaushughulikia uchafu wa kwanza unaoingia ndooni, na ukizidi uchafu, nguvu yake imekwisha, hata kama rangi na harufu vipo. Baada ya hapo unabeba ndoo ya uchafu wenye manukato. "Osha kwanza kwa maji," alisema, "halafu ndipo utie dawa palipo pasafi." Bi Tatu alikuwa amelisema hilo bila kusoma popote. Basi jibu la mwalimu ni hilo, aliandike ubaoni akitaka. Sabuni kwa mafuta. Dawa kwa mahali pa mgonjwa, na mahali hapo pawe pameoshwa kabla. Kazi kubwa iliyobaki inafanywa na maji yanayomwagwa na mkono usiochoka. Na msinuse, mtazame.

Maneno ya mganga yule yalinikaa kooni. Nikaomba ruhusa ya siku chache, nikapata nafasi kwenye behewa la mizigo mpaka stesheni ya Gulwe, nikatembea kwa miguu kwenda Mpwapwa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitapiga magoti. Nitasema ilikuwa ndoo yangu. Nitasema twende Dodoma, tuanzie kisimani, niwaambie wote mmoja mmoja mbele yako.

Nikaulizia, nikaonyeshwa nyumba. Uani palikuwa na mwanamke wa rika langu anaanua nguo, uso ule ule, mikono ile ile. Nikabisha hodi, tukasalimiana, nikasema natafuta Bi Tatu.

"Mama alifariki," akasema. "Mvua zilizopita. Homa. Wewe ni nani mwenzangu?"

"Naitwa Nyemo. Natoka Dodoma."

Nguo zikamponyoka mikononi. Akanishika mabega yote mawili. "Nyemo? Nyemo wa mama?" Akaanza kulia na kucheka pamoja, akawaita majirani kwa sauti. "Njooni! Ni Nyemo! Yule aliyemtetea mama!"

Sikuelewa. Akaniketisha kwenye mkeka, akanimiminia maji ya kunawa, akawa anawaeleza watu waliokuja huku amenishika mkono. Jina lake lilikuwa Zainabu. Mama yake, alisema, alirudi amekonda, hana kazi, na watu wakamnong'ona hadi huku. Lakini siku zote aliwaambia kwamba hakuwa peke yake. Watu wote barazani waliinamisha vichwa isipokuwa mmoja. Nyemo alisimama mbele ya yule Mzungu akasema, si yeye.

"Tena mama alisema ulitaka kuacha kazi uondoke naye," Zainabu akaniambia. "Ni yeye aliyekuomba ubaki. Ni kweli?"

Wote walikuwa wananitazama. Nilielewa kwamba Bi Tatu aliona aibu. Aliweza kubeba kuitwa mchafu, lakini hakuweza kuwaambia watoto wake kwamba yule aliyekuwa akimwita mwanangu alimwacha pale. Akawatungia Nyemo mwingine. Nami nilikuwa na maneno yangu yote tayari, nimeyabeba tangu Gulwe.

"Ndiyo," nikasema. "Ni kweli."

Nikala chakula chao. Wakanichinjia kuku, wakanipeleka kaburini, na Zainabu akamwambia mama yake kwamba mgeni wake amefika. Asubuhi wakanisindikiza mpaka nje ya mji.

Mwaka uliofuata nikaletewa habari kwamba Zainabu amejifungua mtoto wa kike, na amempa jina langu. Nilituma kanga ya kumbebea. Mwenyewe sikwenda, na mpaka leo sijaenda. Zainabu ameshafariki. Huyo binti atakuwa sasa mwanamke mzima mwenye watoto, huko Mpwapwa au popote alipoolewa, na nina hakika wamemweleza kwa nini anaitwa Nyemo. Mwalimu, kama karatasi hizi zitafika huko, binti huyo asomewe.